Sifuri ya Sekela

Mtu anawezaje kukosa maswali arobaini kati ya arobaini?

Mwalimu wetu wa hisabati, Mwalimu Mahenge, alituuliza swali hilo asubuhi moja akiwa amesimama mbele ya darasa la saba na rundo la karatasi za mtihani wa majaribio mkononi. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyepoteza funguo ambazo ana hakika aliziacha mezani. Tulikuwa zaidi ya sabini, watatu watatu kwenye dawati. Mimi, ambaye kwa kawaida nilikuwa na neno kwa kila jambo mpaka walimu wakanichoka, niliinama nikajifanya nafunga kiatu. Mfukoni mwa sketi yangu mlikuwa na nusu ya ufutio, na niliamini kwamba jibu la swali la mwalimu lilikuwa humo.

Miaka mingi baadaye, mwezi uliopita tu, binti wa dada yangu, ambaye naye yuko darasa la saba hapa Mbeya, alikuja kwangu Uyole na mkoba uliojaa mitihani ya miaka iliyopita. Alitaka nimsaidie sehemu na asilimia. Tulipokaa tu mezani akachana ganda la ufutio mpya, ule mweupe unaonukia pipi ya matunda. Kabla hajafuta chochote, harufu ilikuwa imeshafika upande wangu, nami nikawa nimeshika penseli bila kuandika.

"Mamdogo, na wewe hujui?" akaniuliza.

Nikamwambia najua, asubiri kidogo. Alisubiri sana.

Nilisoma shule ya msingi kwenye kijiji kimoja cha tambarare za Usangu, si mbali na Ubaruku. Hatukuwa wenyeji. Mama yangu ni Mhehe wa Iringa na alikuwa muuguzi aliyehamishiwa zahanati ya pale, ndiyo maana shuleni hakuna aliyeniita kwa jina langu. Waliniita Nesi. Kijiji kizima kiliishi kwa mpunga. Kiangazi, mavuno yakiisha, mpunga ulianikwa kwenye maturubai mpaka kando ya barabara, mashine za kukoboa zilinguruma tangu asubuhi, na vumbi la pumba lilitua juu ya kila kitu: kwenye ndoo za maji, kwenye nywele, kwenye uji wa shule. Mpaka leo nikikumbuka hisabati ya darasa la saba, kitu cha kwanza ninachohisi ni shingo kuwasha.

Sisi tuliosoma miaka ile tunakumbuka neno moja kuliko kanuni zote: kusiliba. Mtihani wa taifa wa hisabati ulikuwa na maswali arobaini ya kuchagua, kila swali na majibu matano, A mpaka E, na kazi yako ilikuwa kujaza kwa penseli kiduara cha herufi unayoiamini, kikolee, kisimwagike nje. Mengine matano ya mwisho, nje ya hayo arobaini, ulionyesha njia kwa kuandika, ila hayo hayakututisha kama viduara. Shule haikuwa na fomu za kufanyia mazoezi, kwa hiyo tulizitengeneza wenyewe. Ulichukua kifuniko cha kalamu, ukazungushia ncha ya penseli kwenye mdomo wake, viduara vitano kwa mstari, mistari arobaini. Viduara mia mbili kila jioni, ndipo uanze maswali yenyewe. Wengine tulishachoka kabla ya swali la kwanza.

"Msiruke mstari," Mwalimu Mahenge alituambia kila siku. "Ukiruka mmoja tu, jibu la saba linakaa kwenye la nane, la nane linakaa kwenye la tisa, na mashine haitakuuliza ulikuwa unamaanisha nini."

Hiyo mashine hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Tuliambiwa iko mbali na inasoma karatasi za nchi nzima. Mashine niliyoijua mimi ilikuwa moja, ya kukoboa, basi nikaifikiria hiyo hiyo: karatasi zetu zinamiminwa juu kwa debe, mkanda unazunguka, sakafu inatetemeka, halafu wanafunzi tunatoka kwenye midomo mitatu. Huku mchele, wanaokwenda sekondari. Huku chenga, mchele uliokatika, waliobahatisha. Na nyuma kabisa, kwenye bomba linalotazama nje, pumba. Nilimuuliza Mwalimu kama mashine ya mitihani nayo huweza kukosea, maana ile ya kijijini mkanda ukilegea ilitupa mchele mzima ndani ya pumba.

"Nesi," akasema, "wewe utakuwa mwanasheria au utakuwa mbea. Kaa chini."

Kushoto kwangu alikaa Sekela. Alikuwa mwembamba, ana kovu la mundu kwenye kidole gumba, na haongei mpaka aongeleshwe. Mama yake alitokea upande wa Tukuyu, akaolewa Usangu, akafiwa na mume, akabaki. Alikuwa mmoja wa wanawake waliokaa uani kwa mashine na ungo mapajani, wakipepeta na kutenga chenga. Walikuwa wawili tu nyumbani, yeye na mtoto wake.

Sekela alikuwa na akili ya hisabati ambayo hata baada ya kukaa na watu wenye shahada mbili tatu sijaiona mara nyingi. Nusu ya darasa tulifundishwa na yeye wakati wa mapumziko. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake mgumu kuliko wote kwa sababu sikukubali swali lipite bila kulihoji. Nakumbuka lile la wavunaji: wavunaji sita wanavuna jaruba la mpunga kwa siku nane, je, wavunaji wanne watalivuna kwa siku ngapi?

"Wanne wepi?" nikamuuliza.

"Wanne tu."

"Kama waliobaki ni wale wavivu? Na ndege je? Siku zikiongezeka ndege wanakula. Jaruba lenyewe linapungua."

"Nesi, hapa hakuna ndege."

"Usangu hakuna ndege?"

"Kwenye swali hakuna ndege." Akavuta karatasi upande wake. "Wewe unataka umbea wa hao watu. Swali halina umbea. Angalia majibu. A, siku tano. Watu wamepungua, siku nazo zinapunguaje? Ua. B, nane, zile zile. Ua. D, ishirini na nne, hizo ni za watu wawili. Ua. E, arobaini na nane, hizo ni za mtu mmoja peke yake na atakuwa amezeeka. Ua. Nani yuko hai?"

"C. Kumi na mbili."

"Basi msilibe."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Usitafute jibu, alikuwa akituambia, ua manne ya uongo, la kweli litabaki limesimama peke yake. Tulikaa madawatini tunanong'ona "ua, ua, ua" mpaka mwalimu wa darasa la nne akaja kuuliza tunachinja nini.

Siku moja baada ya shule nilifuatana na mama yangu kwenda mashineni kutafuta mchele. Wanawake walikuwa uani, wameketi mstari mmoja kwenye kivuli cha ukuta, nyungo zinapanda na kushuka. Mama akawasalimia, halafu akamwambia Mama Sekela, "Nasikia binti yako ndiye anayewafundisha wenzake."

Mama Sekela hakuacha kupepeta. "Awafundishe nini huyo, mchokozi tu. Huyu mtoto atanifungisha, nesi. Akifaulu mwaka huu mtendaji ananilaza ndani, maana hata godoro la kumpeleka nalo bweni sina. Heri angekuwa mjinga kama mimi."

"Mwenzetu ana shida, jamani," akasema jirani yake. "Mtoto anajua mno."

Wakacheka wote. Sekela alikuwa nyuma yao, anazoa chenga kwa ufagio. Hakucheka.

Kila mtu pale alijua habari ya mtendaji wa kijiji. Mtoto akichaguliwa kwenda sekondari halafu asiripoti, mzazi anaitwa ajieleze, na ilisemekana kuna baba wa kijiji cha mbali aliyelala ndani siku mbili. Sekondari yetu nayo ilikuwa mbali, watoto walikaa bweni, na bweni lilitaka godoro, sanduku na vingine vingi. Kwa hiyo nilipomsikia Mama Sekela nilimwonea huruma, na njiani nikamwambia mama.

Mama akashangaa. "Kwani hukumsikia anavyojisifu?"

"Amejisifu wapi? Si amesema atafungwa?"

"We mtoto. Mtu hamsifii mwanawe mbele za watu, ataonekana ana maringo, na wengine watamwangalia mtoto kwa jicho baya. Anayejivunia mtoto analalamika. Unadhani mimi nikiwa na wenzangu nasema nini juu yako? Nasema una maneno mengi, unanichosha."

Nilikuwa nimemsikia akisema hivyo zaidi ya mara moja, na iliniuma kila mara. Siku hiyo nilitembea mpaka nyumbani kama niliyepewa zawadi. Sekela sikumwambia neno. Kwa nini nimweleze mtu habari za mama yake mwenyewe? Niliona yeye anazijua tangu azaliwe.

Sasa nusu ya ufutio. Ufutio wetu ulikuwa mmoja, tuliukata katikati kwa wembe, kila mtu na kipande chake. Wiki ya mtihani wa majaribio kipande cha Sekela kilidondoka kwenye mfereji tukiwa tunavuka, maji yakakichukua. Tukakubaliana nitamwazima changu: akikosea ataniangalia, nami nitamwomba msimamizi amfikishie. Siku ya mtihani tulikaa mmoja mmoja, yeye safu ya mbele, mimi tatu nyuma yake. Katikati ya mtihani wa hisabati nilikuwa nimeshafuta mpaka karatasi imeanza kutoboka, na hapo ndipo Sekela alipogeuka akanitazama moja kwa moja.

Niliufunika ufutio kwa kiganja. Nilijiambia nitampa nikimaliza hili, halafu hili, halafu kengele ikagongwa.

Kwa hiyo Mwalimu Mahenge alipouliza mtu anawezaje kukosa arobaini kati ya arobaini, mimi niliona picha yote. Sekela aliruka mstari mwanzoni kabisa, akagundua, akanigeukia, nikamnyima. Mwalimu naye alifika hapo hapo bila mimi kumsaidia.

"Uliruka mstari, si ndiyo?" akamuuliza. "Majibu yote yakahama."

"Labda, Mwalimu," Sekela akasema.

"Na haya matano ya kuandika? Umeyaacha wazi."

"Muda ulinipita."

Wale waliozoea kushindwa naye walichekelea chini chini. Mmoja wa nyuma akasema, "Leo ameua mpaka wa kweli," darasa likaangua kicheko, na mimi nikataka kulia. Masomo mengine pia alikuwa ameshuka, Kiswahili alipata maswali saba, maarifa ya jamii sita, lakini kilichomuumiza Mwalimu ni hisabati. Tangu siku hiyo akamwekea zoezi lake peke yake: viduara mia mbili asubuhi na mia mbili jioni, rula chini ya kila mstari, kidole kwenye namba, usiisogeze rula mpaka umesiliba. Sekela aliyafanya yote bila kunung'unika. Aliyejua zaidi yetu sote akawa anafundishwa kufuata mstari kama mtoto wa chekechea, na mimi nikikaa pembeni yake na ule ufutio mfukoni, kila siku nikisema leo nitakiri, na kila siku nikipata sababu ya kungoja kesho.

Sikukiri. Nilifanya kile ambacho watoto waoga hufanya, nilitoa zawadi. Siku moja kabla ya mtihani wa taifa mama aliniletea kutoka Ubaruku ufutio mpya, mweupe, unaonukia pipi. Nikampelekea Sekela huo mpya mzima, nikabaki na kipande changu cha zamani.

"Huu wote wako," nikamwambia. "Kesho usiniangalie mimi."

Aliunusa. "Unataka niule?"

"Nataka ufaulu."

Aliugeuza geuza kiganjani kwa muda, akaufunga kwenye ncha ya leso. "Haya, Nesi," akasema. "Nitautumia."

Siku ya mtihani walikuja wasimamizi wageni, shule ikawa kimya mpaka tukasikia mashine za upande wa pili wa kijiji. Sekela hakugeuka hata mara moja. Niliiona rula yake ikishuka mstari kwa mstari, taratibu, na nilihisi mzigo wangu unashuka nayo. Alimaliza kabla yetu sote. Nilifurahi sana.

Majina yalipotoka yalibandikwa ukutani. Mimi nilichaguliwa shule ya bweni ya wasichana. Jina la Sekela halikuwepo. Mama Sekela alikuja na ungo wake kwapani, akapitisha kidole kwenye orodha kutoka juu mpaka chini ingawa hakujua kusoma, kisha akanishika bega. "Nesi mdogo, nisomee." Nikamsomea majina yote. Akasema, "Nisomee tena." Mara ya tatu nilisoma polepole, kana kwamba jina lingeweza kuingia nikiliachia nafasi. Alinishukuru, akarudi mashineni.

Nilikwenda bweni, mama akahamishiwa Iringa, na Usangu ikabaki nyuma yangu. Ufutio haukubaki. Nimewahi kuamka asubuhi ya mtihani wangu mwenyewe, mtu mzima, nikaona lile jicho la Sekela linanigeukia.

Chuo nilisoma Iringa, na mwaka wa pili tukawa na somo la takwimu. Siku moja mhadhiri, kwa mzaha, akatuuliza: mwanafunzi ambaye hajasoma kabisa, anayesiliba huku amefumba macho, atapata mangapi kati ya arobaini ikiwa kila swali lina majibu matano? Mtu akajibu manane, au karibu na hapo. Mhadhiri akaendelea na mengine. Mimi sikuendelea. Niligeuza daftari upande wa nyuma nikaanza kuhesabu, jasho linanitoka darasani kwenye baridi ya Iringa.

Anayebahatisha hupata kama manane. Aliyeruka mstari naye ni kama anayebahatisha, kwa kuwa majibu yake yamekaa kwenye maswali yasiyoyahusu, kwa hiyo naye angepata manane, saba, tisa. Sifuri haiji hivyo. Nikapiga hesabu ya kubahatisha arobaini na kukosa arobaini: ni mtu mmoja katika watu elfu saba na mia tano hivi. Nikakumbuka Kiswahili saba na maarifa ya jamii sita. Huko hakuwa na hakika ya majibu, ndiyo maana mengine yaliponyoka yakawa sahihi. Kwenye hisabati hakuna hata moja lililomponyoka. Ili ukose yote, lazima uyajue yote. Rafiki yangu aliigeuza njia yake mwenyewe: badala ya kuua manne ya uongo, aliua moja la kweli, mara arobaini.

Ungedhani mtu wa kuhoji kila kitu angehoji na sababu. Sikuhoji. Nilikuwa nimeshasoma na kusikia habari za wazazi wanaowaamuru mabinti wajifelishe, nikachukua hadithi hiyo nikamvisha Mama Sekela. Ilimkaa vizuri mno. Nilimkumbuka akisema "heri angekuwa mjinga kama mimi", nikasahau kabisa kwamba niliwahi kuelezwa maana ya maneno yale. Nimeisimulia kwenye midahalo ya chuo, nimeisimulia kazini, watu wakatikisa vichwa, na mimi nikajiona mtetezi. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Ningeuliza mimi, kama ingekuwa hadithi ya mtu mwingine.

Harufu ya ufutio wa yule mtoto wa dada ndiyo iliyonipeleka. Jumamosi iliyofuata nilikuwa Usangu, nauliza nyumba kwa nyumba kama mgeni. Wakanielekeza mashineni. Sekela ndiye anayeiendesha sasa, yeye na mume wake, na nilimkuta amesimama juu ya ngazi anamimina mpunga, kilemba cheupe kwa vumbi. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Nesi," akasema. "Umenenepa."

"Na wewe umezeeka."

"Nani amekwambia? Kamwene."

"Kamwene," nikaitikia salamu ya kwao.

Alizima mashine. Tukakaa uani, pale pale walipokuwa wakikaa wanawake wenye nyungo. Upande wa pili bibi mmoja alikuwa anaota jua juu ya gunia, macho nusu yamefumba. "Mama huyo," Sekela akasema. "Utamwamkia baadaye, sasa hivi anasinzia." Nikauliza habari za watoto, akaniambia ana wawili, mkubwa darasa la pili. Sikujua namna ya kuanza, kwa hiyo nilianza vibaya.

"Mtihani wa majaribio ulipata sifuri."

"Bado unaitembeza sifuri yangu?"

"Nilipiga hesabu. Haiwezekani bila kujua majibu yote. Nani alikuamuru? Mama?"

Alinitazama kama nimemtemea. "Mama? Mama alilia wiki nzima." Akashusha sauti. "Hakuna aliyeniamuru. Siku ile mlipokuja kununua mchele, si ulimsikia? Alisema nikifaulu atafungwa. Na mimi sikuwa na mtu mwingine. Nikapiga hesabu. Mimi nikifaulu, anakwenda. Nikifeli, anabaki. Swali la majibu mawili tu, hata kuua hakuna kazi."

"Sekela, alikuwa anajisifu."

"Najua sasa. Nimezaa. Juzi nimemwambia jirani huyu mwanangu wa darasa la pili ni mjinga hajawahi kutokea, na moyo umejaa mpaka hapa." Akagusa koo. "Godoro alikuwa ameshalinunua, Nesi. Lilikuwa kwa mama mkubwa, na nailoni yake. Lilikuja nyumbani baada ya majina kutoka. Nimelilalia mpaka nimeolewa, na sijamwambia kitu. Na wewe usimwambie."

Lililobaki nililitambua hapo hapo, nikalisema. "Mimi nilijua. Mama yangu alinieleza siku ile ile, njiani. Kwamba ni kujisifu."

Sekela alifikicha chenga mbili tatu zilizokuwa zimenasa kwenye khanga yake. "Hukuniambia."

"Nilidhani unajua."

"Basi," akasema, si kwa ukali. "Tulikuwa watoto."

Nikamweleza na ya ufutio, kwa sababu nilikuwa nimeibeba miaka yote na sikuweza kurudi nayo Mbeya: alivyogeuka, nilivyoufunika kwa kiganja. Alicheka mpaka mama yake akafumbua macho.

"Sikuwa nataka ufutio. Niligeuka kuangalia kama umefika swali la jaruba, maana nalo lilikuwemo. Ulikuwa unatabasamu peke yako, nikajua leo hujaleta ndege."

"Kumbe hata ule mpya niliokupa haukuwa na kazi."

"Ulikuwa nayo," Sekela akasema. "Niliutumia mara moja. Mtihani wa taifa, swali la kumi na moja. Mkono ulisiliba C kabla sijauzuia, na C ndiyo ilikuwa yenyewe. Nikaweka rula, nikafuta. Ulifuta safi, Nesi. Haukuacha alama."